Saa ya Motokaa Haikufa, Imezimia

Zitazame motokaa kuukuu zinazopita katika barabara za Mombasa: zile Peugeot 404 na 504, Mercedes za miaka ya 1960 na 1970, na Volkswagen chache zilizobaki mikononi mwa wenyewe wanaozienzi. Rangi imepigwa upya, viti vimeshonwa, injini imefunguliwa na kufungwa mara zisizohesabika. Lakini chungulia ndani, utazame ubao wa mbele ya dereva, au dashibodi kama wasemavyo mafundi. Hii inasema saa nne na dakika kumi, ile saa tisa kasorobo, na nyingine ina tundu tu lililozibwa kwa kipande cha plastiki. Kila moja imesimama kwa majira yake. Mwenyewe ukimwuliza atakujibu kuwa saa hiyo ilikufa zamani, tena gari alipoinunua aliikuta vivyo hivyo.

Neno hilo la kufa ndilo lililoziponza saa hizi. Nyingi katika hizo hazikufa. Zimezimia tu, na aghalabu kilichozizimisha ni uchafu usiozidi chembe ya mchanga, au tone la lehemu lililoyeyuka kama lilivyokusudiwa liyeyuke. Lakini maadam mwenyewe ameamini kuwa ni maiti, siku gari inapoingia gereji kunyoshwa bodi, saa hung'olewa ikatupwa katika debe la vyuma, na hapo ndipo inapokufa kweli. Hasara yake haionekani siku hiyo. Huonekana miaka mingi baadaye, pale mtoto wa marehemu anapotaka kuirudisha gari ya babake katika hali yake ya asili, akazunguka na pesa mkononi na kitu chenyewe hakipo.

Yafaa basi kueleza saa hizi zinavyofanya kazi, kwani mtu akishajua kazi yake hatakubali itupwe ovyo.

UFUNGUO WA MKONO

Motokaa za mwanzo kabisa hazikuwa na saa. Ilipoingia karne ya 20 ndipo saa zilipoanza kufungwa kwenye ubao wa mbele, na zilizopendwa zaidi ni zile za kutia ufunguo ambazo zilikwenda siku nane. Waltham ya Marekani ilizitengeneza, na Smiths ya Uingereza pia. Baadhi yake ulizitia ufunguo kwa kuuzungusha ukingo wote wa mbele, mfano wa mtu afunguaye kifuniko cha chupa. Hizo siku nane zilikuwa na maana. Mtu akijizoeza kuitia ufunguo kila Ijumaa, hata akisahau akakumbuka Jumamosi, ataikuta bado inakwenda.

Msomaji atakayeitoa saa ya gari yake atakuta juu ya uso wake jina moja katika majina machache. Gari ya Kiingereza aghalabu ina Smiths, kampuni iliyotokana na duka la Samuel Smith lililofunguliwa London mwaka 1851. Gari ya Kijerumani ina VDO au Kienzle, na hii Kienzle asili yake ni mji wa Schwenningen katika nchi ya Black Forest, ambako kazi ya saa ya kampuni hiyo ilianza mwaka 1822. Mfaransa naye alipenda Jaeger. Wote hao hatimaye waliuacha ufunguo wa mkono wakaingia katika umeme, kwa sababu dereva ni mtu wa kusahau, na saa iliyosimama mbele ya macho yake humletea kampuni lawama.

INAVYOJITIA UFUNGUO YENYEWE

Wengi hudhani kuwa saa ya umeme ya gari huzungushwa na umeme, kama feni. Sivyo. Ndani ya saa hizi za zamani mna saa ya kawaida kabisa: mna kamani, mna mlolongo wa magurudumu yenye meno, na mna gurudumu la mizani, lile liendalo mbele likarudi nyuma, likivutwa na kamani nyembamba kama unywele. Gurudumu hilo ndilo linalohesabu wakati. Umeme umepewa kazi moja tu, nayo ni kutia ufunguo.

Kamani kuu ya saa hii ni fupi, na nguvu zake hazizidi za kuiendesha kwa dakika mbili tatu hivi. Inapokaribia kulegea, kijimkono cha chuma hushuka pole pole mpaka ncha mbili za madini zikagusana. Ncha hizo tuziite pointi, kama zile za distributa ambazo kila fundi wa magari anazijua. Pointi zikishagusana, umeme wa betri hupita katika koili. Koili hugeuka sumaku. Sumaku hukipiga teke kile kijimkono. Kijimkono huivuta kamani upya, na teke lile lile huzitenganisha pointi. Umeme umekatika, na saa inaendelea kwa nguvu ya kamani hadi zamu nyingine. Yote hayo hupita katika muda mfupi kuliko kupepesa jicho.

Ukikaa ndani ya gari iliyozimwa, mahali palipotulia, utaisikia: tak! Kisha kimya. Baada ya dakika mbili tatu, tak! tena. Saa za umeme za gari zina historia yake kwa upande wa mlio. Mwaka 1958 mwandishi wa matangazo David Ogilvy aliitangazia Rolls-Royce kuwa, gari ikienda mwendo wa maili 60 kwa saa, kelele kubwa kuliko zote ndani yake ni ya saa yake ya umeme. Watu wakalichukua tangazo hilo kuwa ni sifa ya injini. Mimi naona saa nayo ilisifiwa, kwa kuwa ilitajwa.

BETRI NDIYO ADUI

Uzuri wa mpango huu ni kwamba saa hula umeme kidogo sana. Ubaya wake ni kwamba imeunganishwa na betri usiku na mchana, hata gari ikiwa imezimwa na ufunguo uko mfukoni mwako.

Mfikirie mtu aliyeondoka kwenda kazini Muscat au Dubai, akaiacha gari uani chini ya mwembe, akasema atarudi baada ya miezi sita. Kama ilivyo desturi, miezi sita ikawa miaka miwili. Betri ikapungua nguvu kidogo kidogo. Usiku mmoja pointi ziligusana kama kawaida yake, umeme ukapita, lakini sumaku haikupata nguvu za kupiga teke. Pointi zikabaki zimegusana. Umeme ambao ulipaswa kupita kwa muda mdogo sana ukawa unapita bila kukoma, na koili ikaanza kupata moto.

Waliozibuni saa hizi waliliona jambo hilo mapema. Katika Kienzle na nyingi za aina yake waliweka kiungo kimoja kilichoshikwa kwa lehemu laini, inayoyeyuka upesi kuliko lehemu ya kawaida. Koili inapopata moto lehemu hiyo huyeyuka, kibapa cha chuma kilichokuwa kimekazwa huruka juu, na njia ya umeme hukatika. Saa imejizimisha ili gari isiteketee. Bwana yule akirudi kutoka safari atatia betri mpya, taa zitawaka, honi italia, gari itanguruma, na saa itabaki pale pale iliposimama. Atasema imekufa.

Sababu ya pili ni bahari. Sisi watu wa pwani tunajua hewa ya chumvi inavyokula mabati na vitasa vya milango, basi pointi zenye upana wa kichwa cha pini zitaponaje? Hufanya ukungu juu yake, na kila zinapoachana hutoa cheche ndogo inayoziunguza zaidi. Hufika siku umeme haupiti tena. Na sababu ya tatu ni mafuta. Tone la mafuta lililotiwa kiwandani miaka 50 iliyopita, likapikwa na joto la gari iliyoegeshwa juani kila adhuhuri, haliwi mafuta tena bali gundi.

Kuna na saa za umri mdogo zaidi. Kuanzia miaka ya 1960 zilikuja zile ambazo pointi ziliondolewa na transista ikashika kazi yake, na baadaye zikaja za kwatsi, ambazo wakati wake huhesabiwa na kijiwe kinachotetemeka kwa umeme. Mercedes ya umbo la 123, iliyotolewa kuanzia mwaka 1976 hadi katikati ya miaka ya 1980 na ambayo bado twaiona mitaani kwetu, ina saa ya VDO ya namna hiyo ya kwatsi. Hizi hazina pointi za kuungua. Maradhi yake makubwa ni kapasita, kile kijipipa kidogo cha kuwekea umeme, ambacho hukauka kwa uzee, au lehemu iliyopasuka chini yake. Kapasita yenyewe ni kitu cha senti, na fundi wa redio yeyote anayo katika kopo lake. Nimeona watu wakihangaika kutafuta saa nzima ya 123, na hali dawa yake iko kwa fundi wa redio wa mtaani kwao.

MKONONI MWA FUNDI

Kabla ya kumwita mtu, tazama fyuzi. Ni aibu kusema lakini ndivyo ilivyo: katika magari mengi saa hushiriki fyuzi moja na taa ya ndani au kiwashio cha sigara, na fyuzi ile ikiungua kwa sababu ya taa, saa hupewa hukumu isiyokuwa yake.

Fyuzi ikiwa nzima, ondoa waya wa betri kabla hujatia mkono nyuma ya dashibodi. Waya wa saa una umeme wakati wote, na ukigusana na chuma cha bodi utaunguza nyaya ambazo hukuziendea. Smiths aghalabu imeshikwa kwa kipande cha bati kilichopindwa na nati ndogo za kukazwa kwa vidole. Haitaki nguvu, inataka mkono mwembamba na subira. Ikishatoka, ijaribu nje ya gari kwa betri iliyojaa. Unganisha waya mmoja nyuma yake na mwingine kwenye ganda lake, kisha sikiliza. Ukisikia tak na ikaanza kwenda, saa haina kosa lolote, na ugonjwa umo katika nyaya za gari. Isiposema kitu, itikise kidogo upande upande. Mara nyingine gurudumu la mizani huhitaji kuamshwa tu.

Kufungua ndiko kunakoharibu saa nyingi. Katika nyingi za Kijerumani ukingo wa mbele umekunjwa kwa mashine kuzunguka ganda, na anayeung'oa kwa bisibisi mara moja huupinda usirudi tena. Unyanyuliwe kidogo kidogo kwa kuzunguka duara lote, na kazi hiyo ichukue nusu saa ikibidi. Uso wa saa usipanguswe kwa spiriti, kwani tarakimu zitaondoka na kitambaa. Na ikiwa ni saa ya kabla ya miaka ya 1960 yenye rangi ya kung'aa gizani, rangi hiyo isikwanguliwe kabisa, maana baadhi ya nyuso za zama hizo zilipakwa radiamu, na vumbi lake likivutwa puani lina madhara.

Halafu kuna mishale, ambayo wazee wetu waliiita akrabu, neno la Kiarabu lenye maana ya nge. Jina limefaa, kwani na hizi nazo humwadhibu asiyejua kuzishika. Zing'olewe kwa kunyanyuliwa pande mbili kwa pamoja, kwa vijiko viwili vidogo vilivyowekewa karatasi chini ili zisikwaruze uso.

Ukishaona ndani, mambo huwa mepesi. Pointi zisuguliwe taratibu kwa kijitupa kidogo cha kazi hiyo, kisha ipitishwe kati yake karatasi ngumu iliyochovywa spiriti, mpaka karatasi itoke safi. Msasa wa mbao usikaribie hapo. Magurudumu yasafishwe kwa brashi laini, na mafuta ya saa, narudia, mafuta ya saa, yatiwe kwa ncha ya sindano katika vitundu vinamozungukia vyuma, kiasi cha kuonekana kwa shida. Pasitiwe hata chembe kwenye ile kamani ya unywele, wala kwenye pointi. Wapo wanaochukua kopo la mafuta ya kulegeza nati zenye kutu wakalipuliza ndani ya saa. Itakwenda, naam, kwa wiki mbili au tatu. Kisha itakusanya vumbi lote la barabarani na kusimama vibaya kuliko mwanzo.

Sasa kile kiungo kilichoyeyuka. Hapa ndipo ninapowaomba mafundi wetu wanisikilize, hata wale wenye mikono ya dhahabu. Fundi hodari akiona kiungo kimeachana, silika yake ni kukishika kwa lehemu aliyonayo, ile ya redio. Saa itaamka na mteja atafurahi. Lakini lehemu hiyo inahitaji joto kubwa zaidi ndipo iyeyuke, na betri itakapopungua tena, koili itaungua kabla kiungo hakijaachia. Saa iliyobuniwa ijizimishe imenyang'anywa uwezo huo. Koili ikiungua ndipo saa imekwisha, na moto wenyewe umo nyuma ya dashibodi, karibu na nyaya nyingine zote. Lehemu ya kuyeyuka upesi hupatikana kwa wauzao vifaa vya umeme, na mafundi wengine huokoa ile ya asili iliyobaki pale pale kwenye kiungo, wakaipasha kidogo na kuitumia tena. Ikikosekana kabisa, ni heri kuweka fyuzi ndogo katika waya wa saa peke yake kuliko kukikaza kiungo kwa lehemu ngumu.

PA KUTAFUTA VIPURI

Hakuna dirisha la duka ambako utaomba kamani ya Kienzle ya mwaka 1964 ukapewa. Viwanda viliacha kuzitengeneza zamani. Chanzo cha vipuri vya saa mbovu ni saa nyingine mbovu: hii imeungua koili lakini magurudumu yake mazima, ile imevunjika kioo lakini koili yake nzima, na fundi mwenye akili huzifanya mbili kuwa moja. Ndiyo maana nasema isitupwe hata ile isiyofaa kitu.

Lakini kabla ya kununua ya pili, yako mambo ya kuhakikisha. Volti kwanza. Gari nyingi za zamani zilikuwa za volti 6. Volkswagen, mathalan, zilihamia volti 12 mnamo mwaka 1967, na saa ya volti 6 ikifungwa katika gari ya 12 haitadumu. Pili ni upande wa umeme. Magari ya Kiingereza, hadi kwenye miaka ya 1960, mengi yaliunganisha chanya ya betri na bodi badala ya hasi. Saa ya pointi haijali sana jambo hilo, lakini ya transista ikigeuziwa nyaya hufa mara moja, na hapo neno kufa lina haki yake. Tatu ni kipenyo na umbo, kwani milimita mbili zikizidi saa haiingii tunduni. Zaidi ya hayo yatazame maandishi madogo chini ya uso na nyuma ya ganda. VDO aghalabu hupigwa mhuri wa mwezi na mwaka, na kwa mtu anayetaka gari yake iwe ya asili yake, mhuri huo una thamani.

Anza nyumbani. Katika nyua za gereji za zamani za Mombasa na Malindi bado kuna magari yaliyolala na dashibodi zake. Nairobi kuna Barabara ya Kirinyaga, ambayo sifa yake ya vipuri haihitaji kuelezwa. Nje ya nchi, Waswahili wenye jamaa Ghuba wana njia fupi, kwani masoko ya vipuri vilivyotumika ya Sharjah hupokea mabaki ya magari kutoka pande nyingi. Waliopo Ulaya wanaweza kuzuru minada na masoko ya vyuma vya kale vya magari: Beaulieu huko Uingereza wamekuwa wakifanya soko hilo tangu mwaka 1967, na Mannheim ya Ujerumani ina lake liitwalo Veterama. Kwa saa za gari za Kimarekani soko kubwa ni lile la Hershey, Pennsylvania, lililoanza mwaka 1955 na hufanywa wakati wa Oktoba. Mercedes wenyewe wana kituo cha magari yao ya kale huko Fellbach tangu mwaka 1993, lakini ukienda huko kwanza, shika mfuko wako kwa mikono miwili.

Umwagizapo mtu aliye mbali, mpelekee picha ya nyuma ya saa pamoja na ya mbele. Sura za mbele hufanana. Ni nyuma ndiko kunakoonyesha idadi ya nyaya, mahali pa taa, na namna ya kufungia. Na saa si mzigo. Hukaa katika mkono wa shati ndani ya sanduku la msafiri.

MATUMBO MAPYA

Siku hizi kuna njia nyingine, na wengi wanaifuata. Huuzwa matumbo ya kwatsi ambayo hutiwa ndani ya ganda la zamani, nyuma ya uso ule ule na akrabu zile zile. Kwa nje huwezi kutambua. Haipotezi dakika, haitaki mafuta, haina pointi, na betri ikipungua hakuna cha kuungua. Kwa mtu wa teksi au mwenye gari ya kila siku, sina ugomvi naye.

Lakini ule mlio umeondoka, na ukiondoka mlio, gari imekuwa na picha ya saa badala ya saa. Hayo ni maoni yangu, na asiyekubaliana nami ana haki. Ninalolishikilia ni hili: mwenye kubadilisha ayaweke matumbo ya zamani katika kopo lenye kifuniko, na juu yake aandike gari iliyotokea. Wauzaji wengine huyataka yale ya zamani kwa kubadilishana, na watu huyatoa bila kufikiri, kumbe wenzao wanajua wanachokusanya.

Na tusijidanganye kuhusu mafundi. Zamani katika mitaa yetu fundi saa alikaa barazani na kijimeza chake, kioo kimebanwa jichoni, na mbele yake bilauri iliyopinduliwa kufunika magurudumu yasipeperuke. Mwisho wa mwaka 1969 Wajapani walitoa saa ya mkono ya kwanza ya kwatsi, Seiko Astron, iliyouzwa bei ya motokaa. Bei ikaanguka, na baada ya miaka michache saa mpya ikawa rahisi kuliko kutengeneza ya zamani. Kisha ikaja simu ya mkononi. Kijana wa leo hana sababu ya kujifunza kazi ile, na mzee aliyebaki nayo hutia betri na kukata mikanda. Mpelekee saa ya gari uone uso wake utakavyobadilika, maana ni saa kubwa, magurudumu yake anayaona hata bila ya kile kioo.

KUITIA MAJIRA

Saa iliyoamka baada ya miaka 30 haitakwenda sawa siku ya kwanza. Nyuma yake, au mbele chini ya kioo, kuna kijiskrubu cha kuongeza na kupunguza mwendo. Kwenye saa ya Kiingereza kimeandikwa F na S, F ikiwa ni upesi. Mjerumani ameweka alama za kujumlisha na kutoa. Mfaransa ameandika A na R, na wengi wamekigeuza kwa kubahatisha wasijue kuwa A ni kwenda mbele na R ni kubaki nyuma. Kiguse kidogo tu, kisha ngoja siku nzima kabla hujakigusa tena. Saa za Kimarekani za Borg zilikuwa na hila nzuri zaidi: ukizisogeza akrabu mbele kuirekebisha, saa yenyewe hujifunza kwenda upesi kidogo.

Usitarajie usahihi wa redio. Saa ya pointi iliyotengenezwa vizuri ikipoteza dakika chache kwa wiki, mshukuru fundi. Kwa miadi ya ofisi yatosha. Kwa futari haitoshi, na mtu aliyekwama katika foleni ya feri ya Likoni jioni ya Ramadhani asifungue kwa saa ya Peugeot, angoje adhana. Hapa kwetu Mombasa magharibi ya mwezi wa Novemba na ile ya Februari zinatofautiana karibu nusu saa, na hiyo ndiyo iliyowafanya wazee, waliohesabu saa kwa kuchwa kwa jua, wawe na desturi ya kuzisahihisha saa zao jioni. Kwao saa iliyokwenda bila kuguswa mwezi mzima ndiyo iliyokosea.

Gari ikiwa itakaa zaidi ya wiki mbili bila kuwashwa, ondoa waya wa betri. Saa itasimama, lakini itasimama nzima. Siku utakayorudi utaukaza waya, utasubiri, na ukishasikia ile tak utaitia majira.